Maiti wa Tamthilia Aliyeliliwa Kihagara

Mwaka 1971, nikiwa na umri wa miaka kumi, baba yangu alianguka katikati ya mibuni yetu kule Namswea na hakuinuka tena. Shida zilianzia hapo. Shule niliiacha darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Nikalima ngoro za watu, yale mashimo tunayochimba sisi Wamatengo kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo, mpaka viganja vikawa vigumu kama soli ya buti. Nawaambia haya mapema ili nyinyi vijana mjue anayewaandikia ni mtu wa namna gani. Kila neno hapa nimeliandika kwa mkono wangu. Binti yangu Anjela amenyoosha herufi tu, na kila alipotaka kulainisha jambo nimemkatalia.

Kazi iliyonitoa kwenye ngoro ni video. Mnacheka, najua. Nyinyi video mnayo mfukoni, mnaitazama hata mkiwa chooni. Mimi nimeendesha banda la video Kihagara, huku pembeni ya Ziwa Nyasa, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote mpaka zikawa nyeupe zote, na kazi yangu haikuwa kubonyeza kitufe. Nilikuwa nasimulia. Akina mama wa huku Kiswahili wanakijua, cha kanisani na cha sokoni. Lakini kile Kiswahili cha mbio cha watu wa Dar es Salaam wanaogombana kwenye sebule zenye mazulia, kinawapita. Basi mimi nasimama pembeni ya skrini, mwigizaji mmoja akinyamaza kabla mwingine hajajibu, naingiza maneno kwa Kinyasa. Kinyasa changu kinachechemea, maana mimi ni mtu wa milimani. Walikuwa wanacheka lafudhi yangu, na kicheko hicho kilijaza mabenchi kuliko filamu yenyewe.

Aliyenifundisha ni Mzee Hyera wa Mbinga mjini, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye hasira ndefu. Nilianza kwake kama mbeba jenereta. Siku aliyoniruhusu kusimulia mara ya kwanza, nilitazama picha mpaka nikasahau kufungua mdomo. Watu wakaanza kupiga mabenchi kwa ngumi. Mzee Hyera akanishika sikio mbele ya kadamnasi, akanigeuza mgongo kwenye skrini.

"Picha haiwezi kukukimbia," akaniambia. "Wanaokimbia ni watu. Picha isikilize, watu ndio uwatazame."

Tangu siku ile nikafanya kazi hivyo. Masikio kwa spika, macho kwa watu. Ukiona mama mmoja ameshika shavu, punguza sauti. Ukiona wazee wanaangalia mlango, ongeza chumvi. Na kabla ya sehemu yoyote ambayo mtu anakaribia kuuawa, tazama mafuta ya jenereta. Hilo nililijua Chiwanda, nilipokwenda kuonesha wakati wa sherehe fulani. Mume amemkuta mwizi wa mke wake chumbani, ameinua panga, jenereta likazima. Petroli hakuna kijiji kizima. Watu wakakataa kuondoka. Nikamalizia kwa mdomo: mume akashusha panga, akasamehe, wakala pamoja. Petroli ilipopatikana na picha ikarudi, yule mume akakata kweli. Watu wa Chiwanda wakaniambia kanda yangu ni mbovu.

Jambo jingine, sikuwahi kutazama sehemu yoyote peke yangu kabla ya kuwaonesha watu. Wengine waliniambia nilipaswa kutazama kwanza. Hawajui kazi. Msimuliaji akishajua mwisho, sauti yake inamsaliti, na watu wa Kihagara si wajinga, wanaisikia. Mimi nilikuwa nashtuka pamoja nao. Ndiyo maana walinipenda.

Sasa niwaambie kuhusu ile siku niliyoshtuka mpaka leo.

Miaka hii ya karibuni watu waliacha filamu za mapigano. Wakataka tamthilia, na zaidi ya zote moja ya familia ya tajiri mwenye mabasi. Jina lake naliacha. Mzee ana wake wawili, watoto hawapikiki chungu kimoja, na mtoto mkubwa anamshuku mama wa kambo kwamba anamtilia baba kitu kwenye chai, kidogo kidogo. Mchoma filamu wangu wa Mbinga, jamaa anaitwa Denis, alikuwa anaiweka kila sehemu mpya kwenye flashi na kumpa dereva wa gari. Jumapili mchana, ibada zikishatoka, za Waanglikana na za Wakatoliki, tunafunika madirisha kwa mablanketi na tunaanza.

Mama Festo alikuwa na mahali pake, benchi la pili upande wa ukutani. Mjane, mkaushaji wa samaki, mikono inanuka moshi. Mumewe alichukuliwa na ziwa. Mtoto wake ni mmoja tu, Festo, aliyekwenda Dar kutafuta kazi. Mwanzo alikuwa anapiga simu. Baadaye akanyamaza, na kila mama yake alipojaribu namba ile alijibiwa na yule mwanamke wa mtandao. Ilipita miaka hivyo. Alikuwa haongelei jambo hilo. Ila kila gari la kutoka Mbinga likisimama, alikuwa anaacha samaki motoni na kwenda kutazama nani anashuka.

Na huyu mama alikuwa mtani wangu. Ukoo wa mumewe na ukoo wetu ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wanateremsha mahindi ziwani na kupandisha samaki. Akiniona alikuwa ananiuliza kama nimetoka shimoni salama. Nami namjibu kwamba nimeongozwa na harufu ya dagaa wake waliooza. Ndivyo tulivyosalimiana siku zote, na Jumapili ile pia.

Sehemu ya siku ile, mzee mwenye mabasi amefia safarini. Jeneza limeletwa limepigwa misumari. Mke mdogo hataki lifunguliwe. Mtoto mkubwa anasema baba yake haendi chini bila yeye kumwona uso. Wanasukumana juu ya kaburi, wanawake wanalia, mtu analeta nyundo. Banda zima limeshika pumzi. Mimi uso wangu uko kwa watu kama kawaida. Nikasikia mbao zinapasuka, nikasikia muziki unakata, nikasikia yule mtoto mkubwa anasema kwa sauti iliyokauka kwamba huyu siyo baba, halafu anauliza, huyu ni nani?

Nikaliingiza swali kwa Kinyasa, polepole, jinsi linavyostahili. Huyu ni nani?

Mama Festo akasimama.

"Ni Festo," akasema. "Ni mwanangu."

Mimi nilikuwa sijaitazama picha. Nilichoona ni uso wake tu, na uso ule sitaki kuueleza. Ndipo nikageuka.

Kwenye jeneza alikuwa Festo. Pamba puani. Kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni mpaka utosini. Kovu la kwenye nyusi, alikopigwa na kasia akiwa mdogo, liko palepale. Kamera ikamkaribia, ikakaa juu yake, halafu majina ya watu yakaanza kupanda na sehemu ikaisha.

Msidhani watu walipiga kelele. Ingekuwa nafuu. Walikaa kimya, wote, kama mtu amewamwagia maji wakiwa wamelala.

Mimi nikajitia uhodari. Nikasema kaeni chini, huu ni mchezo, maiti wa filamu hupumua. Na hiyo ni kweli, vijana, ishikeni. Usitazame uso, mtazame tumbo, au hapa chini ya taya. Kuna kitu kitacheza tu. Miaka yote nilikuwa nawaonesha watoto waoga, wanarudi nyumbani wanacheka. Nikasema njooni karibu, narudisha nyuma, Mama Festo weka macho kwenye tumbo lake. Wakaja, wakajazana mbele ya skrini. Nikarudisha. Kifuniko kikatoka. Tukatazama tumbo.

Tumbo halikucheza.

Nikasema labda hatukuwahi. Nikarudisha tena, tukatazama shingo. Hakuna kitu. Nami nikawa natafuta kosa la mashine, labda picha imeganda. Lakini inzi alikuwa anatembea ukingoni mwa jeneza, na kanga ya mwanamke mmoja nyuma ilikuwa inapepea. Kila kitu pale kilikuwa kinaishi isipokuwa Festo. Miaka yote ya kazi, sikuwahi kumwona maiti wa filamu asiyepumua.

"Mtani, zima," akasema Wilfredi, baba mdogo wake Festo. Nikazima. Hapo ndipo Mama Festo alipolia, na akina mama wote wakampokea.

Kabla mablanketi hayajatolewa madirishani, mtu mmoja alikuwa ameshasema kwamba watu wa filamu huko mjini huazima maiti wasio na ndugu. Nani alimwambia, hakujua. Lakini neno lile lilikuta mahali pa kukaa. Mtoto hana simu miaka yote hiyo. Mtoto amefia mjini, hakuna anayemjua, amelala mochwari, wamekuja watu na kamera zao. Nani angebisha? Mimi niliyekuwa na ushahidi wa tumbo, ushahidi ulikuwa umenigeuka.

Matanga yakaanza. Wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye moto, katekista akaleta kitabu. Wilfredi ni mtu wa maneno machache. Alisimama akatoa uamuzi wa ukoo.

"Mtoto wetu amelazwa kwenye sanduku la watu wengine," akasema, "akaliliwa na watu wanaolipwa kulia. Hatutamwacha hivyo. Tutazika shati lake, pembeni ya baba yake."

Wakapanga kuzika Jumamosi, ili ndugu wa mbali wafike.

Mimi sikulala vizuri. Sikuwa na uhakika kwamba Festo yu hai. Lakini nilikuwa na kichwa kigumu, na kichwa kigumu ndicho kilichonitoa Namswea. Alhamisi nikapanda gari kwenda Mbinga kwa Denis. Tukatazama yale majina mwisho wa sehemu, mpaka chini kabisa tukakuta namba ya simu ya wale wanaotengeneza. Denis akapiga, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena na tena. Mchana akapokea binti mmoja. Nikamnyang'anya Denis simu nikamuuliza yule maiti aliyekuwa kwenye jeneza wamemtoa wapi. Binti akauliza kama nina maana ya Festo. Akasema Festo anabeba taa zao, yuko hapo nje anakunywa chai.

Nilikaa chini kwenye kizingiti cha duka la Denis. Simu ikabadilishana mikono huko Dar.

"Shikamoo babu," ikasema sauti.

Sikuitikia. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kinyasa, nikamtukana kwa Kimatengo, Kiswahili kikafuata. Alisubiri nimalize, ndipo akauliza mama hajambo. Nikamwambia mama yake yuko kwenye mkeka anamlilia, na shati lake linazikwa Jumamosi.

Maelezo yake yalikuwa ya kipumbavu, kama yalivyo maelezo mengi ya vijana. Simu iliibwa, namba zote zikaenda nayo. Baadaye angeweza kutuma salamu kwa mtu, lakini alikuwa ameaga kwamba atarudi na injini ya mtumbwi wa marehemu baba yake, na injini haikupatikana. Akaona aibu. Aibu ikazaa ukimya, ukimya ukazaa aibu zaidi.

Nikamuuliza kuhusu tumbo. Hapo hata kwa shida ile sauti yake ilichangamka kidogo. Alisema walijaribu vijana wengi kulala kwenye jeneza lile, wote matumbo yakacheza na mkubwa wao akakasirika. Yeye amekua akizamia kufungua nyavu za baba yake zilizonasa kwenye mawe. Akawaambia mimi nimo, washeni kamera.

Basi ndiyo hivyo. Mtoto alifundishwa na ziwa lililomla baba yake, na kwa ufundi huohuo akamuua mama yake akiwa hai.

Nikamwambia apande gari leo. Nikamwambia akichelewa atakuta ameshazikwa. Nikampa pia namba ya Wilfredi, lakini nilisema nitampigia mwenyewe kwanza, nimwandae.

Nikapiga. Nikasema, Wilfredi, nimeongea na Festo, yu hai.

"Mtani," akasema kwa uchovu, "umeanza mapema. Subiri siku ya kuzika ndipo ulete mambo yako." Akakata.

Nilibaki nimeishika ile simu. Nyinyi mliokulia mijini labda hamuelewi, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu, kwenye msiba mtani ana kazi yake. Wenyewe wanalia, mtani anachekesha. Anamwigiza marehemu anavyotembea. Anajilaza kwenye mkeka wa wafiwa na kudai chakula. Na zaidi ya yote, anasema marehemu hajafa. Anajifanya tu, anakwepa kazi, mwamsheni. Siku tulipomzika baba yake Festo, mimi mwenyewe nilikaa juu ya lundo la udongo nikasema yule bwana hajafa, amekimbia kushona nyavu. Walicheka mpaka machozi yakachanganyika, na Wilfredi alicheka kuliko wote. Sasa ni mimi huyohuyo nampigia simu kumwambia marehemu hajafa.

Nikarudi Kihagara asubuhi yake. Nilijitahidi kuvaa sura ya mtu mwenye jambo zito. Ndipo nikaharibu zaidi. Nilipoingia uani na ile sura, akina mama waliokuwa jikoni wakaanza kuguna kwa kicheko, mmoja akanipaka majivu usoni kama inavyostahili mtani, wakasema Mmatengo leo amekuja na mtindo mpya. Nikasema Festo yuko njiani. Wakacheka. Nikaapa kwa kaburi la baba yangu. Wakaniuliza baba yangu naye lini anapanda gari. Nilikuwa nimewazoesha vibaya.

Nikatoa simu, nikampigia Festo, nikaweka sauti kubwa. Mtandao wa huku ziwani mnaujua. Alikuwa ameshapanda gari, mngurumo umejaa, sauti yake ikaja imekatika vipande kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. "Mama... niko... mama..." Wanawake wakatawanyika. Mmoja aliruka sufuria ya ugali wa muhogo. Wilfredi akatoka kwenye moto, akaninyang'anya simu, akaizima.

"Hapo umevuka mpaka," akaniambia. "Mtanie yeye, nitanie mimi. Lakini kumtengenezea sauti mbele ya mama yake, hapana."

Mama Festo alikuwa amesikia kutoka ndani. Akaagiza niitwe. Nikaingia nikiwa na majivu usoni. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, chakula kilichofunikwa pembeni yake hakijaguswa, na wanawake waliokaa naye waliniambia kwa macho kwamba hajaonja kitu tangu Jumapili. Hakugeuka.

"Kaka," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. Sikuzote niliitwa Mmatengo. "Leo usinitanie. Nimekuomba."

"Sikutanii, mama. Yu hai."

"Hata mtani anasema hivyohivyo."

Vijana, mdomo wangu ndio ulionilisha. Nimewaliza watu kwa mdomo huu, nimewafanya wakimbie banda wakidhani simba wa kwenye picha anatoka. Siku moja niliyokuwa na neno la kweli la kumpa mtu anayekufa, mdomo haukufaa kitu. Nilitoka nikaosha majivu. Nikamchukua katekista awe shahidi, nikapiga tena mbele yake. Yule mwanamke wa mtandao akajibu. Chaji ya Festo ilikuwa imeisha njiani. Katekista akaniwekea mkono begani, akaniambia kwamba majonzi humfikia kila mtu kwa namna yake.

Jumamosi ikafika na Festo hajafika. Gari, nilikuja kujua, liliharibika njiani wakalala porini. Kaburi likachimbwa asubuhi pembeni ya baba yake. Fundi alikuwa ametengeneza kisanduku kidogo, shati la shule la Festo limekunjwa ndani. Mama Festo akatolewa ameshikwa na wanawake wawili, miguu haimbebi tena. Nilimtazama na nikajua kitu ambacho wote pale walikijua. Lile shati likishuka, mama naye hatakaa muda.

Mimi sikukaa kaburini. Nikaenda kusimama barabarani, kama mwendawazimu. Nasikia wimbo umeanza kule nyuma. Nasikia wimbo unakaribia kuisha. Ndipo pikipiki ikaja kutoka upande wa Liuli, na nyuma yake kijana mwembamba, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Akashuka, akaanza shikamoo. Sikumpa nafasi. Nilimkamata mkono nikamkokota.

Mnajua kilichotokea tulipoingia? Walicheka. Wale wa nyuma walipogeuka wakamwona mtani anamleta marehemu kwa mkono, walidhani nimemkodi kijana anayefanana naye. Watani hufanya hivyo. Kicheko kikatembea kutoka nyuma kwenda mbele, na sisi tunatembea nacho, na kila tulipopita kikawa kinakatika. Mpaka tulipofika kaburini kulikuwa hakuna sauti. Katekista alikuwa amefunga kitabu na kidole chake ndani. Wilfredi alishika jembe mbele ya kifua kama mtu anayezuia mlango.

"Shikamoo mama," Festo akasema.

Mama hakuitikia. Alimtazama kuanzia miguuni. Akapandisha macho polepole mpaka kwenye kovu. Akajitoa kwenye mikono ya wale wanawake, akasimama mwenyewe, akanyoosha kidole kwenye mkeka uliokuwa kando ya kaburi.

"Lala."

"Mama, nisamehe, mimi..."

"Lala kama ulivyolala kule."

Festo akalala chali. Akaweka mikono ubavuni, akafumba macho. Na sijui ni woga au ni mazoea, lakini alishika pumzi. Wote tuliona. Tumbo halikucheza. Mama akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya tumbo la mwanawe, akakiacha pale.

"Pumua," akasema.

Tumbo likapanda, likainua kile kiganja. Likashuka. Likapanda. Mama hakuondoa mkono. Hakuna aliyesogea kaburini pale, mpaka mama mwenyewe alipolaza kichwa chake kifuani kwa Festo, na ndipo Wilfredi alipoangusha jembe.

Wazee walisema kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Wakakata mgomba, wakauvisha lile shati, wakaushusha. Festo mwenyewe alishika jembe akafukia. Mama yake alikuwa amekaa pale anakula uji, mtu wa kwanza kula siku ile, na kila baada ya kijiko anamtazama.

Watu wa mjini niliowasimulia habari hii huishia hapo kucheka. Mimi huwa siishii hapo. Jumapili iliyofuata sehemu mpya ililetwa. Sikutaka kuionesha. Mama Festo ndiye aliyekuja kuniambia niwashe, na akakaa benchi lake la pili na Festo pembeni yake. Banda lilijaa mpaka madirishani. Kwenye tamthilia ikajulikana kwamba mzee mwenye mabasi hakufa, amejificha, na yule kijana wa jenezani hakuna anayemfahamu. Familia haikuwa na muda naye. Walikuwa wanagombana. Mke mdogo anawaambia wachimbaji, mzikeni huyo, hana wenyewe. Nikageuza maneno hayo kwa Kinyasa.

"Anao," akasema Mama Festo.

Akaanza kulia. Siyo kulia kwa kutazama picha, kulia kwa msiba. Na mama wa pembeni yake akafuata, na benchi la nyuma, mpaka banda zima la akina mama wa Kihagara linamlilia mtu ambaye kwenye skrini walikuwa wanamfukia haraka haraka. Festo akamshika mama yake bega, akamwambia mama, mimi niko hapa.

"Nyamaza," mama akamwambia. "Sikulilii wewe."

Nikapunguza sauti ya spika mpaka mwisho. Sikusimulia tena siku ile.

Sasa nimestaafu. Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya. Banda la video, ambalo Anjela analiendesha kwa sola. Mibuni ya baba Namswea, inazaa. Shamba la muhogo huku Kihagara. Mtumbwi mmoja, Festo anavua nao. Nguruwe wanne. Redio. Baiskeli. Kitanda cha mninga. Watoto watano, wote wamesoma kunizidi. Mke mmoja, yuleyule.